Meza ya kuvaa: namna ya kuitengeneza, kuifunga na kufanya nayo kazi ukiwa umesimama au unatembea

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuhesabu mali kwenye maghala na kujaza madodoso ya kaya, na kazi zote mbili zina shida ileile: mikono miwili haitoshi. Wa kushoto umeshika kishikwambi, wa kulia unaandika, na boksi linalotakiwa kugeuzwa ili usome namba yake linasubiri mkono wa tatu. Baada ya saa mbili kiganja cha kushoto kinapata ganzi, bega linapanda juu karibu na sikio, na makosa yanaanza kuingia kwenye hesabu.

Meza ya kuvaa huondoa shida hiyo. Ni ubao mwepesi unaokaa mbele ya tumbo, umeshikwa na mkanda wa kiunoni na mikanda miwili ya mabegani, na mikono inabaki huru. Sisi si wageni wa kitu hiki. Muuza sigara, pipi na karanga wa stendi amekuwa akitembea na duka lake kifuani tangu tukiwa watoto. Tofauti ni kwamba sinia lake huning'inia shingoni, naye hulibeba hivyo kutwa nzima. Mimi nilianza kwa kuiga sinia hilo, nikafunga ubao kwa kamba moja inayozunguka shingo. Siku ya tatu sikuweza kugeuza kichwa kuangalia gari kabla ya kuvuka barabara.

Nilipeleka ubao ule kwa mzee mmoja fundi mabegi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Begi limekatika?"

Nikamweleza. Akaugeuza ubao, akaipima kamba kwa vidole, akasema: "Shingo ni ya kichwa, mwanangu. Mzigo mpe kiuno."

Mwongozo huu wote umejengwa juu ya maneno hayo. Ukikosea mbao, rangi au vipimo kwa sentimita mbili, meza itafanya kazi. Ukikosea mahali uzito unapokaa, utaitupa ndani ya wiki.

Kwanza jiulize kama kazi yako inaihitaji

Meza hii inafaa kazi ya kutembea kidogo, kusimama, kuandika, kisha kutembea tena: kuhesabu mali, kupokea mzigo kwenye lori, kukagua vyumba vya hoteli au madarasa, kuandikisha mifugo kwenye chanjo, kusimamia ujenzi, kufanya utafiti wa mtaani. Inafaa pia kusoma nyaraka ndefu au kushiriki kikao cha mtandaoni huku ukizunguka uani.

Haifai kuandika ripoti ya kurasa 30. Haifai kazi ya majedwali inayohitaji kipanya na skrini kubwa. Na usiisogeze kabisa karibu na mashine inayozunguka, iwe ya kusaga, kukoboa au kuranda, kwa sababu mkanda unaoning'inia ukidakwa na mashine unakuvuta wewe mzima.

Mjamzito asiivae, maana mkanda na ukingo wa ubao vyote vinakandamiza tumbo. Mwenye ngiri, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, au mwenye matatizo ya pingili za mgongo amuulize daktari kwanza.

Hatua ya kwanza: pima mwili

Vaa viatu unavyofanyia kazi. Simama wima, shusha mabega, kunja viwiko mpaka sehemu ya mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja ilale sambamba na sakafu. Mtu akupimie kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Kisha akupimie kutoka sakafuni hadi juu ya mfupa wa nyonga, ule unaousikia ukibonyeza ubavuni chini ya kiuno.

Kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 160, kiwiko huwa kama sentimita 100 kutoka chini na mfupa wa nyonga kama 95. Tofauti hiyo ndogo ina faida kubwa. Kuchapa kwenye kibodi kunataka meza iwe sawa na kiwiko au chini yake kidogo, sentimita 5 hivi, ili mabega yasipande. Kwa hiyo mkanda ukikaa juu ya mfupa wa nyonga na ubao ukaegemea hapo, uko tayari kwenye kimo kinachotakiwa. Huhitaji kubuni kitu.

Kuandika kwa kalamu ni tofauti kidogo. Macho yanataka kusogea karibu na karatasi, kwa hiyo ubao unapaswa kupanda juu zaidi ya kiwiko au kuinama kukuelekea. Hilo tutalifanya kwa mikanda ya mbele, yaani ile ya mabegani pale inaposhikana na ubao.

Pima pia mzunguko wa kiuno mahali mkanda utakapokaa, na umbali kutoka mbele ya tumbo (sentimita 30 mbele yako, kwenye kimo cha kiwiko) kupanda hadi begani, kushuka mgongoni kwa mshazari hadi nyonga ya upande wa pili. Wengi huwa kati ya mita 1 na mita 1.2. Ongeza sentimita 30 za kurekebishia.

Hatua ya pili: chagua na ukate ubao

Chukua plaiwudi. Kwa kompyuta ndogo ya inchi 14, ubao wa sentimita 45 kwa 30 unatosha, unene milimita 6. Kwa kishikwambi na daftari, sentimita 35 kwa 25, unene milimita 4. Usijipe meza kubwa kwa tamaa ya nafasi. Nafasi ikiwepo utaijaza, na kila utakachoweka utakibeba.

Ubao wa 45 kwa 30 wenye milimita 6 una uzito wa karibu nusu kilo. Wa ukubwa huohuo wenye milimita 4 ni kama gramu 320. Kompyuta nyingi za inchi 14 ni kati ya kilo 1.2 na 1.6. Lenga jumla isizidi kilo 2.5, vyote vikiwemo. Mbao za unga wa mbao zilizogandamizwa ni nzito kuliko plaiwudi na huvimba zikipata unyevu. Kwetu pwani, jasho na hewa ya bahari vinatosha kuzimaliza. Huna haja ya kununua plaiwudi nzima ya futi 4 kwa 8. Nenda karakana ya seremala, kipande cha ukubwa huu huwa kimeegemezwa ukutani.

Upande utakaogusa tumbo, chora upinde kama mwezi mchanga: kina sentimita 5, upana sentimita 25 hadi 30 kulingana na mwili wako. Ukate kwa msumeno mwembamba, piga msasa mpaka ukingo uwe laini. Watu wengi huruka mkato huu wakidhani ni pambo, lakini ndio unaoleta kompyuta karibu na mwili kwa sentimita 5 nzima. Jaribu mwenyewe: shika mfuko wa sukari wa kilo 2 kiganjani, kiwiko kikiwa kimebana ubavu, kisha nyoosha mkono mbele taratibu. Sukari haijaongezeka, ila mgongo unaona kama imeongezeka. Kila sentimita unayoirudisha mwilini ni nafuu.

Kwenye kona mbili za mbele toboa mpasuo wa kupitisha mkanda: urefu sentimita 4.5, upana nusu sentimita, ukiwa sentimita 3 kutoka ukingoni. Ukikaribia ukingo zaidi ya hapo plaiwudi itapasuka siku ya kwanza. Toboa matundu kwa keekee yakiwa kwenye mstari, unganisha kwa tupa, lainisha ndani, maana mpasuo wenye makali hukata mkanda polepole bila wewe kujua.

Pigilia vipande vya mbao vyenye kimo cha sentimita 1.5 mbele na ubavuni ili kalamu zisidondoke. Upande wa tumbo uache wazi, la sivyo viganja vitakaa juu ya ukingo na kukatwa damu isipite vizuri. Maliza kwa vanishi mikono miwili, na kingo zilizokatwa zipate mikono mitatu. Unyevu huingilia pembeni, na ndipo tabaka za plaiwudi zinapoanza kuachana.

Hatua ya tatu: mikanda

Mkanda wa kiunoni uwe mpana, sentimita 5. Mimi nilipata mkanda wa usalama wa gari kwa wauza vyuma chakavu: upana wake unakaribia huo, hauvutiki, na uzi wake unavumilia. Ufunge kwa kifungo cha plastiki cha begi, kile cha kubofya pande mbili kikaachia. Ndani yake shonea kitu cha kukinga mfupa. Sponji ya godoro hulala baada ya wiki moja. Soli ya kandambili iliyochongwa nyembamba, au kipande cha mkeka wa mazoezi, hudumu.

Nyuma ya ubao, kila upande wa mkato wa tumbo, funga kitanzi cha mkanda kwa bolti ya milimita 5 na washa pana juu na chini. Mkanda wa kiunoni upite ndani ya vitanzi hivyo viwili. Hapo ubao utakuwa kama mlango kwenye bawaba: mikanda ya mbele ikiwa imefungwa unasimama kama meza, ukiiachia unalala mbele ya mapaja na unaweza kupita mlangoni au kukaa kwenye kigoda bila kuuvua.

Mikanda ya mabegani iwe na upana wa sentimita 4, na sehemu inayokaa begani iwekewe kandambili kama ile ya kiunoni. Ianzie kwenye kona za mbele, ipande mabegani, ivuke mgongoni kwa umbo la X, imalizikie kwenye mkanda wa kiunoni nyuma, kila mmoja upande wa pili. X hiyo inazuia mikanda kuteleza nje ya mabega, na inaiweka mbali na shingo. Panaposhikana na ubao, weka vifungo vya kubofya. Mtu anayeanguka anahitaji mikono yake na anahitaji kujinasua upesi, kwa hiyo usifunge fundo mahali popote kwenye meza hii.

Ukingo wa tumbo uvike sponji au kandambili, kisha rekzini juu. Mikanda ya mbele haivuti juu tu. Kwa sababu imelala mshazari, inausukuma pia ubao kuelekea tumboni. Usipoweka kitu laini hapo utaona alama nyekundu ukivua shati.

Hatua ya nne: ijaribu kabla ya kuiamini

Weka mifuko miwili ya unga ya kilo 2 juu ya ubao, karibu mara mbili ya mzigo wake halisi. Vaa, tembea ndani ya nyumba kwa dakika 10, panda ngazi moja au mbili, rukaruka kidogo. Kisha kagua kila mshono na kila bolti. Unga ukimwagika utafagia. Kompyuta ikimwagika ni hadithi nyingine.

Hatua ya tano: kuvaa kwa mpangilio

Anza na mkanda wa kiunoni. Ukaze juu ya mfupa wa nyonga kwa nguvu kuliko unavyodhani inatakiwa. Ukilegea utashuka na mzigo wote utahamia mabegani. Pitisha mikanda ya mabega. Inua ubao, bofya vifungo vya mbele. Mwisho kabisa ndipo uweke kompyuta. Wakati wa kuvua anza na kompyuta, kisha rudi nyuma kwa mpangilio huohuo.

Sasa rekebisha. Mzigo ukiwa katikati ya ubao, nusu ya uzito hubebwa na mikanda ya mbele na nusu na kiuno. Ukiivuta kompyuta mpaka katikati yake iwe theluthi moja kutoka tumboni, mikanda ya mabega inabaki na theluthi moja tu na kiuno kinabeba theluthi mbili. Kwa hiyo vitu vizito viwe karibu nawe, vyepesi (kalamu, kikokotoo, stika) viwe mbele. Vidole viwili viweze kupita chini ya mkanda wa bega. Visipopita, bega ndilo linalobeba: kaza kiuno, legeza bega.

Ukikaza mikanda ya mbele, ukingo wa mbele unapanda na ubao unainama kukuelekea. Mwinamo mdogo hivyo ni mzuri kwa kusoma na kuandika kwa mkono. Kwa kuchapa, rudisha ubao ulale sawa ili viganja visikunjwe kwenda juu. Nilishonea nyuzi za rangi kwenye mikanda yangu, nyekundu mahali pa kuandikia na nyeusi mahali pa kuchapia, na sasa kubadilisha kunachukua sekunde chache.

Kilichobaki ni kusawazisha mbele na nyuma. Betri ya akiba ya mAh 20,000 ina uzito wa karibu gramu 400. Usiiweke mezani. Ishonee mfuko nyuma ya mkanda wa kiunoni, pitisha waya ubavuni, na chupa ya maji ya nusu lita iwe nayo hukohuko. Zinavuta nyuma kile ambacho kompyuta inavuta mbele, na utajikuta umesimama wima bila kujilazimisha.

Hatua ya sita: funga kila kitu

Kata mpira wa tyubu ya baiskeli vipande viwili vyenye upana wa sentimita 2, vizungushe kwenye ubao, kompyuta ikae chini yake pande zote mbili za kibodi. Chini tandaza ule mpira wenye matundu unaozuia zulia lisiteleze. Gundisha vipande vidogo vya kandambili chini ya kompyuta ili iinuke sentimita moja; kompyuta nyingi huvuta hewa ya kupoza kutoka chini, na zikilala juu ya mpira zinachemka.

Kama kompyuta yako ni ya zamani, yenye diski inayozunguka ndani, usitembee nayo ikiwa imewashwa. Kichwa kinachosoma diski hiyo huelea juu yake kwa umbali mdogo sana, na mtikisiko ukikigonganisha nayo, kazi yako inaweza kupotea. Zenye hifadhi isiyo na sehemu zinazozunguka hazina shida hiyo, na vishikwambi pia.

Kusimama nayo

Watu wanadhani kusimama ni kutofanya kitu. Mguu mmoja uwe mbele kidogo, magoti yasikazwe, ubadilishe mguu kila baada ya dakika chache. Ukiwa mahali pamoja kwa muda, weka mguu mmoja juu ya kitu chenye kimo cha tofali, kisha mwingine. Damu ya miguuni hurudi juu kwa kusukumwa na misuli ya vigimbi inapokazana na kulegea; ukiganda kama nguzo inabaki chini, na jioni viatu vinabana. Kusimama kutwa kuna madhara yake kama kukaa kutwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema tupunguze muda wa kukaa na tufanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kusimama umeganda na meza tumboni hakuhesabiwi humo. Kutembea kwa haraka kunahesabiwa.

Sehemu ambayo meza hii haiwezi kuiponya ni shingo. Kwenye dawati unaweza kuinua skrini. Hapa skrini na kibodi viko pamoja, kwa hiyo kichwa kitainama. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, na kinapoinama mbele misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke. Dakika 20 hadi 30 za kuandika, kisha inua macho, angalia mbali, vuta mabega nyuma, tembea bila kuandika. Baada ya saa moja iachie meza ilale au ivue kabisa. Nimeona wenzangu wakivumilia saa nne ili wamalize haraka, na kesho yake hawaji kazini.

Kutembea nayo

Hapa nakuomba usome taratibu, maana hatari kubwa ya meza ya kuvaa ni kwamba inakuficha miguu yako.

Chukua mtu yule wa sentimita 160. Macho yake yako kama sentimita 150 kutoka chini, meza iko kwenye sentimita 95, na ukingo wake wa mbele uko kama sentimita 35 mbele ya macho. Ukichora mstari kutoka machoni kupita kwenye ukingo huo, unagusa ardhi karibu mita moja mbele yake. Kila kilichopo ndani ya mita hiyo hakioni: ngazi, mtaro ulio wazi, kamba ya mbuzi, mtoto aliyekaa chini, paleti ya mizigo ghalani. Na akiwa anatazama skrini haoni hata kilichopo mbali.

Kwa hiyo kanuni yangu ina maneno matatu: tembea, simama, andika. Macho yanapokuwa kwenye skrini, miguu haiendi. Miguu inapoenda, macho yako njiani. Kuandika huku unatembea kuna mahali pake, kwenye sakafu tambarare unayoijua, ukumbi mtupu au ua uliofagiwa, kwa mwendo wa taratibu wa kilomita 2 hivi kwa saa, na kwa mambo mepesi kama kusikiliza kikao, kusoma, kuweka alama ya ndiyo au hapana. Kuchapa aya nzima ukitembea kutakupa makosa mengi kuliko muda uliookoa.

Kwenye ngazi, achia vifungo vya mbele, meza ilale, mkono mmoja ushike ukuta. Barabarani vua kabisa ubebe kwapani. Juu ya bodaboda usiivae hata kama ni mtaa wa pili.

Jizoeze polepole. Siku ya kwanza dakika 10 nyumbani na daftari tu. Siku ya pili na ya tatu dakika 20, ukiwa na kompyuta. Wiki nzima ipite kabla hujaipeleka kazini. Ukisikia ganzi kwenye vidole, acha papo hapo: mkanda umekaa karibu mno na kwapa au mtulinga na unabana mishipa ya fahamu. Usogeze ukae katikati ya bega.

Ghalani

Panga meza kabla hujaanza safu. Kifaa cha kusoma misimbo au kalamu upande wa mkono unaotumia, stika za "imehesabiwa" upande wa pili, kishikwambi katikati kwenye mpira. Anza juu kushoto ya rafu, shuka, hamia kulia, usirudi. Simama, miguu yote miwili chini, hesabu kwa macho na vidole, andika, bandika stika, inua macho, songa. Mikono miwili ikiwa huru unageuza boksi na kusoma tarehe bila kuweka kitu chini, na hapo ndipo muda unapookolewa. Ukipanda ngazi ya kuegemeza ili kufikia rafu ya juu, meza ibaki chini. Mwenzako aandike, wewe utaje namba.

Majumbani

Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 makarani waliifanya kwa madodoso ya karatasi. Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022 zilifanyika kwa vishikwambi. Tangu hapo tafiti nyingi za kaya zimehamia huko, na anayezifanya hushinda anatembea nyumba kwa nyumba. Meza inasaidia sana kati ya nyumba na nyumba, na kwa mahojiano mafupi ya mlangoni au dukani.

Ndani ya nyumba ni jambo lingine. Ukibisha hodi ukiwa na ubao kifuani, wengi watadhani unauza kitu, na watakujibu kabla hujafungua mdomo. Achia vifungo, meza ilale, kitambulisho kionekane, ndipo upige hodi. Na usimhoji bibi aliyekaa mkekani huku wewe umesimama na meza juu ya kichwa chake. "Shikamoo, bibi," vua, kaa pale atakapokuonyesha, uweke kishikwambi magotini. Mtu mzima anayeulizwa na kijana aliyemsimamia atakupa majibu mafupi ili uondoke, na dodoso lako litajaa "sijui" ambazo si za kweli. Nimeona tofauti hiyo kwenye takwimu zangu mwenyewe, kaya kwa kaya.

Jua na joto

Nje, skrini hugeuka kioo. Simama jua likiwa mbele yako au ubavuni, vaa kofia ya ukingo mpana, tumia maandishi meusi juu ya weupe, ongeza mwangaza ukijua betri itaisha mapema. Apple wameandika kwamba iPad itumike kwenye hewa ya nyuzi joto 0 hadi 35. Dar es Salaam mwezi wa Februari kivulini tu tunakaribia hapo, na ubao ulio juani unapita. Kifaa kikionya kuhusu joto, kipeleke kivulini kipoe chenyewe. Usikiweke kwenye jokofu, mvuke utageuka matone ya maji ndani. Ubao upake rangi nyeupe au uache na rangi ya mti, kwa sababu mweusi unaoka.

Kuitunza

Mikanda ifuliwe kwa sabuni ya kawaida kila wiki na ianikwe kivulini. Chumvi ya jasho hukausha uzi na jua kali huudhoofisha. Kila Jumatatu kabla ya kutoka, vuta kila mshono kwa nguvu, kaza bolti, bofya kila kifungo mara tatu usikilize kama kinalia "tak" kamili. Kifungo kilichopasuka jino moja kibadilishe siku hiyohiyo. Meza itundikwe ukutani kwa mkanda wa kiunoni, isiegemezwe sakafuni kwa ukingo wa tumbo, kwa sababu rekzini ya hapo ndiyo inayochakaa kwanza, na fundi atakutoza sawa na mikanda yote miwili.